Makadara, Mtaa wa Watu wa Milimani

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima hata mmoja, lakini kina mtaa ulioanzishwa na watu wa milimani. Mtaa huo ni Makadara, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, na walioutia sura ni Wabulushi. Asili yao ni Makran, nchi ya majabali na mabonde makavu iliyo kando ya Bahari ya Arabu, ambayo leo imegawanyika baina ya Iran na Pakistan. Kaskazini yao, kuanzia Quetta kupanda hadi Khyber na bonde la Swat, wanakaa majirani zao Wapashtuni, ambao wazee wetu wa pwani wamewajua kwa jina la Wapathani. Haya ni mataifa mawili yenye lugha mbili, lakini maisha ya kijijini yamewalea namna moja. Wote wawili walifika Mombasa. Mmoja alijenga mtaa akakaa. Mwingine alikuja kwa mkataba, akachonga mawe ya reli, na wengi wao wakarudi makwao. Sura hii inawahusu wote, ingawa aliyebaki ndiye mwenye hadithi ndefu.

Tuanzie walikotoka, kwa sababu hatuwezi kumwelewa askari wa Ngomeni bila kukijua kijiji alichokiacha. Familia nyingi za Wabulushi wa Afrika Mashariki hutaja Qasr-e Qand, Nikshahr, Sarbaz, Lashar na bonde la Kech. Ni vijiji vidogo vilivyojibana kwenye mabonde, penye mitende na maji. Mvua ni haba, na mto ukijaa hujaa siku chache kisha ukabaki kokoto. Maji ya kutegemewa hutoka chini. Mafundi huchimba kisima kirefu miguuni mwa mlima hadi wakutane na maji, kisha huchimba mfereji wa chini kwa chini wenye mteremko mdogo sana, na kila baada ya hatua kadhaa huacha tundu la kuingizia hewa na kutolea udongo. Maji husafiri gizani, mbali na jua, mpaka yatokeze kwenye mashamba. Wapashtuni huuita mfereji huo karez, na Wabulushi huuita kahn. Hakuna mtu mmoja awezaye kuuchimba wala kuusafisha peke yake, kwa hiyo kijiji kizima hufungwa pamoja na mfereji wake. Maji hugawanywa kwa zamu, saa kwa saa, usiku na mchana, na zamu hiyo hurithiwa, huuzwa na hugombewa sawa na ardhi yenyewe.

Mtende nao una kazi yake. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, na mkulima hangoji upepo. Hupanda juu ya mtende jike akiwa na kishada cha maua ya dume, akakifunga katikati ya maua ya jike. Wakati wa mavuno ya kiangazi, watu waliotawanyika milimani na mifugo yao hushuka bondeni, na hapo ndipo ndoa hufungwa, madeni hulipwa na ugomvi wa mwaka mzima husuluhishwa. Mbuzi hutoa maziwa, nyama na manyoya ya kufumia mahema meusi. Makuti ya mtende hugeuka mikeka, vikapu, kamba na kuta za vibanda. Wanawake hutia nakshi za uzi nguo zao, na mbele ya gauni la Kibulushi huwa kuna mfuko mrefu unaoshuka kutoka kiunoni, uliojaa mshono wa rangi.

Sheria ya kijiji ni ya heshima kabla ya kuwa ya serikali. Kwa Wapashtuni kanuni hiyo ni Pashtunwali. Mgeni hupokewa hata mwenyeji wake awe masikini kiasi gani, anayekimbilia mlangoni kuomba hifadhi hupewa hata akiwa adui, na damu iliyomwagika hudai damu mpaka wazee wa jirga, baraza la hukumu, wakae waamue fidia. Wabulushi wana kanuni yao inayokwenda sambamba nayo, na aliyeomba hifadhi kwao huitwa bahot. Kumtoa kwa adui ni aibu inayorithiwa na wajukuu. Wanaume wa kijiji cha Kipashtuni hukutana hujra, nyumba ya wageni isiyo ya mtu mmoja, penye vitanda vya kamba, chai, habari na hukumu. Mtu wa Mombasa anayesoma habari za hujra hahitaji kufafanuliwa sana. Anaijua baraza.

Kwa nini basi mtu auache mfereji wake, mitende yake na wazee wake? Ardhi yenye maji ni kidogo na watoto ni wengi. Urithi ukigawanywa vizazi vitatu, zamu ya maji ya mtu mmoja haitoshi kumwagilia hata miti michache. Mwana wa tatu au wa nne alikuwa na njia mbili: kuchunga mifugo ya wengine, au kuuza ujasiri wake. Pwani ya Makran ikawapa soko la ujasiri huo. Mwishoni mwa karne ya 18, Sultan bin Ahmad wa Oman alipewa Gwadar na Khan wa Kalat, na bandari hiyo ikabaki mikononi mwa Oman hadi mwaka 1958 iliponunuliwa na Pakistan. Gwadar hadi Maskati ni safari fupi ya jahazi. Maskati hadi Unguja na Mombasa ni safari ya kaskazi moja. Kijana aliyeshuka kutoka Sarbaz akiwa na jambia na bunduki ya utambi angeweza kujikuta chini ya mnazi kabla mwaka haujageuka.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, aliwategemea sana askari hawa. Sababu yake ilikuwa wazi: askari asiye na ukoo mahali hana upande katika fitina za mahali hapo. Waarabu wa Oman walikuwa na makabila yao na visasi vyao, na Waswahili wa Mvita, yaani Mombasa, walikuwa na watawala wao Wamazrui. Mbulushi alikuwa na jemadari wake na mshahara wake. Baada ya kujaribu zaidi ya mara moja kwa nguvu bila mafanikio, Said aliipata Mombasa mwaka 1837, wakati Wamazrui wenyewe walipokwisha kugawanyika. Ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 ikakabidhiwa Wabulushi wailinde.

Watu huitazama Ngome leo wakaona mizinga na kuta nene. Mimi nawaomba waione kama kijiji. Uwanja wa ndani ulikuwa na vibanda vya makuti, moshi wa kuni, wanawake, watoto na kuku. Askari walikaa humo na familia zao. Mshahara ulikuwa riale chache za fedha, na kuchelewa kwake kulikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo mlinzi alikuwa pia fundi, mchuuzi, mkopeshaji au mkulima wa shamba dogo nje ya kuta. Asiyeweza kuishi kwa ngao peke yake hujifunza kazi nyingine, na nadhani hapo ndipo Mbulushi alipoanza kuwa mtu wa Mombasa, miaka mingi kabla ya yeyote kumwandika hivyo.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1857 alimkuta Jemadari Tangai, mtu wa Makran aliyekwisha zeeka katika utumishi. Katikati ya mwaka huo huo, Burton na mwenzake Speke walipoondoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika, walipewa Wabulushi wa kuwalinda chini ya Jemadari Mallok. Burton aliwaandika vibaya mno: walafi, wagomvi, wavivu. Maneno yake yamenakiliwa na wengi, na yanaudhi. Alikuwa akiwatazama watu wenye njaa na homa, waliokuwa wakimlinda mgeni kwa malipo ya wasiwasi katika nchi wasiyoijua. Hakukaa nao Makadara, hakuwaona wakizika, wakioza wala wakisomesha watoto. Anayetaka kuwajua Wabulushi asianze na Burton.

Mwaka 1875 ulikuwa mzito kwa Mombasa. Mkuu wa kikosi cha Ngomeni, Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama Al-Akida, alimwasi Sultani Barghash wa Unguja. Mji ukagawanyika, mapigano yakaingia mitaani, na mwezi wa Januari manowari za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga Ngome kwa makombora mpaka Akida akasalimu amri. Kisa hicho kina utenzi wake, na Mbarak Ali Hinawy alikiandikia kitabu mwaka 1950. Miaka 20 baadaye, nchi ilipoingia rasmi mikononi mwa Waingereza, Ngome iligeuzwa gereza. Ikabaki gereza kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikatengenezwa kuwa makumbusho. Vibanda vya makuti vilikwisha ondoka. Kilichobaki cha kijiji kile kilikuwa nje ya kuta, Makadara, kikizunguka Msikiti wa Wabulushi uliosimama hapo tangu karne ya 19.

Msikiti huo una jambo ambalo mpita njia hawezi kuliona. Wabulushi walikuja wakiwa Wahanafi. Waswahili wa Mvita ni Washafii. Watawala wa Busaidi walikuwa Waibadhi. Katika mji mdogo unaozungukwa kwa mguu kabla jua halijapanda, madhehebu matatu yalikuwa yakisali kwa ukaribu wa kusikiana adhana. Tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa anayezijali. Mshafii huomba kunuti katika sala ya Alfajiri. Mhanafi huisoma katika witri. Alasiri ya Mshafii huingia kivuli cha kitu kikifika urefu wake mara moja, na ya Mhanafi kivuli hicho kikifika mara mbili. Maana yake ni kwamba kuna kipande cha mchana ambacho jirani mmoja amekwisha sali Alasiri na mwingine bado, na wote wawili wamo katika haki. Mji ulijifunza kuishi ndani ya kipande hicho. Watu waliokuja na kanuni ya kulipa kisasi wakakaa na majirani wasiosali kama wao, wakaoana nao, wakafuata jeneza moja.

Ndoa ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko jambo jingine lolote. Askari wengi walikuja bila wake. Walioa mabinti wa Kiswahili, wa Kimijikenda na wa Kiarabu wa pwani. Mtoto alizaliwa, baba akaenda zamu, mama akambembeleza kwa Kimvita. Kizazi cha pili kilikisikia Kibulushi kwa babu. Cha tatu kikabaki na maneno machache ya mapenzi na ya hasira. Leo Wabulushi wa Mombasa ni Waswahili kwa lugha, kwa mavazi na kwa chakula. Gauni la mfuko mrefu liliiachia nafasi kanga na buibui. Wanazuoni, Abdulaziz Lodhi akiwa mmoja wao, wamelichunguza jambo hili katika Afrika Mashariki nzima, kwa maana Wabulushi hawakukomea Mombasa: wengine walifuata njia za misafara na biashara wakafika bara, na Rujewa, katika nchi ya Usangu kusini mwa Tanzania, kuna jamii yao mpaka leo. Wapo wanaoililia lugha iliyopotea, na kilio chao ni cha haki. Lugha ikienda huenda na mashairi yake, na majina ya mimea, upepo na ndugu wa mbali.

Lakini kuna kilichosalia bila lugha. Keti barazani Makadara baada ya Alasiri utakiona. Kijana akipita hutoa salamu kabla ya kuulizwa, na mzee humjibu kisha humuuliza: “We mwana wa nani?” Kijana atataja baba. “Yupi? Wa huku au wa Kibokoni?” Atataja babu, na huenda akataja na bibi mzaa mama, ndipo mzee atikise kichwa, kwa sababu sasa amejua pa kumweka. Anao kichwani mwake mti mzima wa watu, matawi na majani. Muuza kahawa hupita na dele lake, makaa chini, akigonganisha vikombe, kahawa ikamiminwa chungu, na kashata ikatafunwa kando. Hapo ndipo mtu hupatiwa kazi, mchumba huulizwa habari zake, na nyumba iliyogombewa na warithi huzungumzwa kwa siku nyingi kabla ya kufikishwa kwa kadhi. Wakati wa mfungo tende hutangulia katika kila futari, na ninapoona sahani hizo huwafikiria watu wa Kech, ambao tende kwao ndiyo riziki ya mwaka.

Wapathani waliingia kwa mlango mwingine. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na hadi kufikia mwaka 1901 vibarua na mafundi 31,983 walikuwa wameletwa kutoka India ya Mwingereza. Karibu 2,500 walifia kazini. 6,724 walibaki baada ya mikataba yao. Wengi walikuwa watu wa Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Wapathani kutoka mpaka wa kaskazini magharibi. J. H. Patterson, msimamizi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, anasimulia jinsi vibarua wengi walivyojidai waashi ili wapate mshahara mkubwa. Alipotangaza kuwa kila mtu atalipwa kwa kadiri ya kazi yake, waashi wa kweli hawakuwa na la kuogopa, na wengi wa hao, anasema, walikuwa Wapathani. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mawe, kwenye bonde la mawe, hujua jiwe litapasuka wapi kabla hajaligonga. Daraja la Tsavo limekumbukwa kwa simba wawili waliokuwa wakila watu. Lingestahili kukumbukwa pia kwa mikono hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza viliwaleta tena. Vikosi vya 129 na 130 vya jeshi la India la Mwingereza vilikuwa na jina la Baluchi, lakini ndani yake walikuwamo Wapathani wengi na Waislamu wa Punjab. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, askari wazungu wa Afrika Kusini walisambaratishwa na majeshi ya Wajerumani. Kikosi cha 130 ndicho kilichosimama imara na kuwafunika walipokuwa wakirudi nyuma. Inasimuliwa kwamba kikosi hicho kiliwarudishia wazungu bunduki ya rasharasha waliyoitupa njiani, pamoja na barua ya kuwataka wasiwaite tena makuli. Katika kisa hicho namsikia mtu wa hujra akisema. Msaada ulitolewa kwanza, heshima ikadaiwa baadaye.

Jioni, hasa Jumapili, watu wa Makadara, Mji wa Kale, Majengo na Tudor hukutana Mama Ngina. Barabara hiyo ya pwani, iliyotengenezwa upya mwaka 2019 na kufanyiwa sherehe za Mashujaa mwezi Oktoba mwaka huo, inapita kwenye mibuyu mikongwe mahali ulipokuwa mji wa zamani wa Wakilindini, mojawapo ya makabila matatu ya Waswahili yaitwayo Thelatha Taifa. Meli za Kilindini hupita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wamesimama sitahani. Viazi vya karai hutumbukizwa kwenye unga uliotiwa manjano, vikatoka mafutani vinachemka, vikamwagiwa ukwaju. Muhogo hupasuliwa, ukakamuliwa ndimu, ukapakwa chumvi na pilipili kwa ile ile nusu ya ndimu. Watoto hula mabuyu mpaka midomo ikawa myekundu. Kwa mlango huo wa bahari ziliingia meli zilizoleta reli na askari wa 1916. Majahazi ya Wabulushi wa kwanza yaliingilia upande wa pili wa kisiwa, bandari ya Mji wa Kale. Anayekaa hapo na wanawe ana nafasi nzuri ya kuwaeleza walitoka wapi, na wengi wetu hatuitumii.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi. Wazee wanaoweza kutaja ukoo mpaka kwa yule aliyeshuka jahazini wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Tunajua zaidi habari za Wareno waliokaa Ngomeni kuliko za watu waliozaa na kuzikwa hatua chache kutoka hapo. Kwa hiyo namsihi kila mwenye asili hiyo, Mbulushi au Mpathani, wa Makadara au wa Rujewa: muulize babu au bibi jina la kijiji, kama ni Sarbaz, Nikshahr au kwingineko. Andika majina ya wanawake pia, kwa sababu shajara nyingi huwaacha, na bila wao mtaa huu haungekuwako. Hati za zamani za nyumba na mashamba, vyeti vya ndoa na picha, zipige nakala. Ya asili ibaki nyumbani, nakala moja ipelekwe kwenye maktaba ya Fort Jesus, na nyingine wapewe wajukuu wakiwa bado katika umri wa kuuliza maswali.